Hiyo faida mnayoiimba imemlipa nani?

Wadau, leo mnivumilie maana nina hasira, na hasira yenyewe ni kwa watu wa fani yangu mwenyewe. Nawasema waandishi wa habari za biashara. Kila msimu wa kutangaza hesabu za makampuni ukifika ni wimbo ule ule: kampuni fulani yavuna mabilioni, faida yapaa, wanahisa kuchekelea. Picha ya mkurugenzi yupo ndani ya suti, nyuma yake bango, mkononi glasi ya juisi. Habari imekwisha. Ukimuuliza aliyeandika, "Sawa ndugu yangu, wamevuna, je wana hela ya kulipa bili za mwezi ujao?" anakutazama kama umemtukania mama yake.

Hivi jamani, nani alitufundisha kwamba faida ni pesa? Muulize Mangi wa dukani kwenu. Mangi akiuza sukari kilo kumi kwa mkopo, kwenye daftari lake ameshauza na faida ameshapata. Lakini jioni akifungua droo, hamna kitu. Kesho asubuhi mwenye gari la soda akija, Mangi atamwonyesha daftari? Soda hazinunuliwi kwa daftari. Mangi hakusoma uhasibu ila hili analijua kuliko wahariri wetu wengi.

Watu wa uhasibu wana neno la jambo hili, wanaliita ukwasi. Yaani uwezo wa kupata fedha taslimu kwa wakati ili ulipe kinachodaiwa sasa hivi. Na wana vipimo vyake, wanaviita uwiano. Cha kwanza ni rahisi mno: chukua mali za muda mfupi (fedha taslimu, madeni unayowadai watu, bidhaa zilizopo stoo) gawanya kwa madeni yanayotakiwa kulipwa ndani ya mwaka mmoja. Ukipata 2, maana yake kwa kila shilingi moja unayodaiwa una mbili za kuigeuza ulipe. Ukipata 0.5 una nusu shilingi. Mtoto wa darasa la tano anaweza. Namba zote mbili zipo kwenye mizania, hazihitaji mganga wala shahada ya pili.

Nitawapa mfano wa jirani. Uchumi Supermarkets ya Kenya ilianzishwa 1975, na kwa miaka mingi ilikuwa fahari ya Wakenya. Mwaka 2006 ikafunga milango na kuwekwa chini ya ufilisi, hisa zake zikasimamishwa soko la Nairobi. Serikali ikaingilia, maduka yakafunguliwa tena, na mwaka 2011 hisa zikarudi sokoni. Magazeti yakaandika kuhusu kufufuka kwa Lazaro. Kampuni ikajitanua Uganda na hapa kwetu Tanzania, na mwaka 2014 hisa zake zikaorodheshwa mpaka soko la Dar es Salaam. Hesabu za mwaka ulioishia Juni 2014 zilionyesha faida. Mwishoni mwa mwaka huo huo wakauza hisa mpya kwa wanahisa wao, wakitafuta shilingi milioni 895 za Kenya kwa bei ya shilingi 9 kwa hisa. Watu wakagombania, maombi yakazidi kilichotakiwa. Vichwa vya habari unaweza kuvikisia mwenyewe.

Juni 2015, hata mwaka haujapita, bodi ikamfukuza mkurugenzi mkuu na mkuu wa fedha. Oktoba wakafunga maduka ya Uganda na Tanzania, wakikiri kwamba hayakuwa yamepata faida kwa miaka mitano. Hesabu za mwaka ulioishia Juni 2015 zilipotoka, hasara ilikuwa zaidi ya shilingi bilioni 3 za Kenya. Baadaye mamlaka ya masoko ya mitaji ya Kenya ikaanza kuwahoji waliokuwa wakurugenzi kuhusu hesabu zile na kuhusu matumizi ya fedha za hisa mpya.

Swali langu ni hili. Yule mama wa sokoni anayewapelekea mboga alijua lini? Alijua siku rafu zilipoanza kuwa tupu na simu ya ofisi ya malipo ilipoacha kupokelewa. Benki ilijua kabla yake. Kampuni kubwa ya soda ilijua kabla yake. Mwandishi wa habari alikuwa na uwezo wa kujua kabla yake, akaandika faida.

Sasa naomba nisieleweke vibaya, maana kuna kundi la pili nalo linanikera karibu sawa na la kwanza. Hawa ni wale waliosoma kitabu kimoja cha uhasibu wakakariri kwamba uwiano lazima uwe 2 kwa 1, basi kampuni ikiwa chini ya hapo wanapiga yowe. Kanuni hiyo ya 2 kwa 1 ni ya mabenki ya Marekani ya zaidi ya miaka 100 iliyopita, yalipokuwa yakipima wateja wa kukopesha. Siyo amri iliyoshushwa kutoka mlimani. Walmart, duka kubwa kuliko yote duniani, uwiano wake huwa chini ya 1 mwaka baada ya mwaka, na wapo. Safaricom ya Kenya ilikaa chini ya 1 kwa miaka mingi huku ikitengeneza faida za kutisha. Kwa nini? Kwa sababu wewe unanunua vocha leo, unaongea kesho. Hela imeingia kabla huduma haijatoka. Kampuni ya namna hiyo haihitaji kulala na rundo la fedha taslimu kusubiri wadai.

Supamaketi nazo ziko hivyo hivyo. Wewe na mimi tunalipa taslimu pale kaunta. Aliyeleta maziwa analipwa baada ya siku 30, 60, au 90. Wafanyabiashara wa Kariakoo wana jina zuri kabisa la utaratibu huu: mali kauli. Unapewa mzigo kwa neno lako, uza kwanza, hela uniletee. Supamaketi nzima ni mali kauli yenye kiyoyozi! Kwa hiyo ukikuta uwiano wake ni 0.8 usikimbilie kupiga kengele. Uliza hela ya mali kauli imekwenda wapi.

Hapa ndipo utamu ulipo, kwa hiyo nitakaa kidogo. Chukua duka la mfano, silo la mtu yeyote. Kwa mwaka linanunua bidhaa za shilingi bilioni 12. Bidhaa inakaa rafuni siku 30 kabla ya kuuzwa, kwa hiyo muda wowote kuna mzigo wa kama bilioni 1. Walioleta bidhaa wanalipwa baada ya siku 60, kwa hiyo muda wowote duka linadaiwa kama bilioni 2. Unaona kinachotokea? Bidhaa imeuzwa siku ya 30, hela ipo mkononi, mwenyewe atalipwa siku ya 60. Duka limeshika bilioni 1 ya watu bila riba. Kama bilioni hiyo ipo benki, mali za muda mfupi ni bilioni 2, madeni bilioni 2, uwiano ni 1. Kila mtu analala usingizi.

Lakini mkurugenzi anaiona ile bilioni imekaa tu. Anaichukua, anafungua matawi mapya. Anaweka majokofu, anaweka ngazi za umeme, anaalika waziri kukata utepe. Sasa zile mali za muda mfupi zimebaki bilioni 1 na madeni ni yale yale bilioni 2, uwiano umeshuka hadi 0.5. Faida haijaguswa hata senti! Kwenye taarifa ya mapato na matumizi kila kitu kinang'aa, pengine mauzo yamepanda kwa sababu ya tawi jipya, na gazeti linaandika kampuni yapanua mbawa. Ukweli ni kwamba deni la kulipwa ndani ya miezi miwili limegeuzwa ngazi ya umeme, na ngazi ya umeme huwezi kumpa muuza maziwa.

Muda wote mauzo yakiwa yanakua, mchezo huu unaendelea, maana hela ya mzigo mpya inalipa mzigo wa zamani. Siku mauzo yakisimama tu, gari linarudi nyuma kwa kasi ile ile. Malipo yanachelewa, wenye bidhaa wanapunguza mzigo, rafu zinakuwa na mapengo, wateja wanahamia kwingine, mauzo yanashuka tena, malipo yanachelewa zaidi. Ndicho Wakenya walichokishuhudia kwa Nakumatt mwaka 2017. Ile iliyoanza kama duka la magodoro Nakuru (jina lenyewe limetokana na hayo), ikafikia matawi zaidi ya 60 katika nchi nne, ikiwemo Tanzania ambako mwaka 2014 ilichukua maduka ya Shoprite. Ghafla rafu tupu, wenye majengo wanafunga milango kwa minyororo. Januari 2018 mahakama ikaiweka chini ya msimamizi. Madeni yalizidi shilingi bilioni 30 za Kenya, na sehemu kubwa ilikuwa ya walioleta bidhaa. Januari 2020 wadai wakapiga kura ya kuifunga kabisa. Tuskys, iliyotegemewa kuziba pengo, ikafuata njia hiyo hiyo kuanzia 2020.

Kwa hiyo kipimo ninachokipenda mimi, na ambacho sijakiona hata mara moja kwenye kurasa zetu za biashara, ni siku za kumlipa aliyekuuzia. Chukua deni la wauzaji, gawanya kwa gharama ya bidhaa za mwaka, zidisha kwa 365. Lile duka letu la mfano: bilioni 2 kwa bilioni 12, unapata siku 61. Mwaka unaofuata gharama ya bidhaa imeshuka hadi bilioni 11 na deni limepanda hadi bilioni 3. Sasa ni karibu siku 100. Hapo huhitaji mtoa siri wala kikao cha usiku. Kampuni imekuambia yenyewe, kwa maandishi na mhuri wa mkaguzi, kwamba haiwezi kulipa kama zamani. Kazi yako ni kugawanya tu!

Na msiamini uwiano mmoja peke yake, maana unachezewa. Angalieni hii. Kampuni ina mali za muda mfupi 300 na madeni 200, uwiano 1.5. Siku mbili kabla ya kufunga hesabu inalipa madeni 100. Zinabaki 200 kwa 100, uwiano umekuwa 2! Wiki inayofuata inakopa tena, nani atajua? Sasa iangalie kampuni iliyo hoi: ina fedha taslimu 20, bidhaa stoo 80, madeni 200. Uwiano ni 0.5. Inapokea mzigo mwingine wa 100 kwa mali kauli, bila kulipa hata shilingi. Mali zimekuwa 200, madeni 300, uwiano umepanda hadi 0.67. Umesikia? Imezidi kudaiwa na uwiano umepanda. Mkuu wa fedha anaweza kusimama mbele ya wanahisa akasema hali ya ukwasi imeimarika na asiwe amesema uongo wa kihesabu. Ndiyo maana kuna kipimo cha pili kinachoondoa bidhaa za stoo na kubakiza kile kinachogeuka fedha haraka. Kwa kampuni hiyo hiyo, 20 kwa 200 ni 0.1, na baada ya mzigo mpya, 20 kwa 300 ni chini ya 0.07. Kipimo cha kwanza kinasema mgonjwa ana nafuu, cha pili kinasema andaeni jeneza. Mwandishi anayenukuu kimoja bila kingine ni heri angeandika habari za mpira.

Kuna wanaosema haya ni matatizo ya Afrika, wenzetu Ulaya wana wakaguzi na mifumo. Thubutu! Carillion ya Uingereza, kampuni ya ujenzi iliyohudumia mpaka hospitali na magereza, wakaguzi walipitisha hesabu zake Machi 2017. Julai mwaka huo ikatangaza kufuta pauni milioni 845 kutoka kwenye thamani ya mikataba yake. Tarehe 15 Januari 2018 ikafa, ikiwa na pauni milioni 29 tu taslimu na madeni ya karibu bilioni 7. Walioifanyia kazi ndogo ndogo na kuiletea vifaa walikuwa kama 30,000, na wengi walikuwa wameshazoea kusubiri siku 120 kulipwa. Siku 120! Ule ulikuwa mkopo wa fundi kwa tajiri, na hakuna aliyeuita hivyo mpaka msibani.

Nije kwenye hoja ambayo wakubwa wa vyumba vya habari huitoa nikiyasema haya. Niliwahi kuambiwa na mhariri mmoja, simtaji yeye wala gazeti lake, kwamba ukiandika kampuni haina ukwasi unaiua. Wenye bidhaa watakimbia, benki itaita mkopo, wafanyakazi watakosa kazi, halafu utaambiwa mwandishi ndiye muuaji. Akatoa kalamu nyekundu, ile aya ikaondoka. Siidharau hoja hiyo. Kwa benki ina uzito wa kweli, maana hakuna benki duniani inayoweza kuwalipa wateja wake wote asubuhi moja, na uvumi peke yake unaweza kuangusha benki nzima. Benki zina vipimo vyake na msimamizi wake, Benki Kuu, na mwandishi atembee hapo kwa tahadhari.

Ila kwa kampuni ya biashara nauliza: unapokaa kimya unamlinda nani? Benki iliyoikopesha inaletewa hesabu mara kwa mara na imeshika hati za majengo. Kampuni kubwa inayoleta sabuni ina idara nzima ya kufuatilia wadaiwa, ikiona malipo yanasuasua inadai taslimu. Hawa wote hawasubiri gazeti. Asiyejua ni mdogo peke yake, mwenye mayai, mwenye nyanya, mwenye mkate, na fundi wa majokofu. Kampuni ikifilisika anayelipwa kwanza ni mwenye dhamana, na huyu mdogo asiye na dhamana anasimama mwisho wa foleni akiwa na karatasi ya ankara mkononi. Kwa hiyo kimya chetu kinampa mkubwa muda wa kutoka, na mdogo ndiye anayebaki kuujaza mlango. Namfahamu jamaa mmoja hapa Dar aliyeweka hati ya nyumba ya marehemu baba yake benki ili apate mtaji wa kufungasha mchele kwa duka kubwa moja ambalo silitaji. Alikuwa anasoma gazeti kila siku, tena kurasa za biashara. Alikata gazeti akabandika ukutani ile habari ya duka hilo kuvuna faida. Nyumba ilipigwa mnada. Huyo nimweleze nini kuhusu kalamu nyekundu?

Wakenya angalau wamejaribu kitu. Mwaka 2019 walirekebisha sheria yao ya ushindani, wakaipa mamlaka husika meno ya kumbana mnunuzi mkubwa anayemnyanyasa anayemuuzia, ikiwemo kuchelewesha malipo bila sababu. Tuskys ilipoanza kuyumba mwaka 2020, mamlaka hiyo ikaitaka itoe ratiba ya kulipa walioiletea bidhaa. Haikuiokoa kampuni, lakini kwa mara ya kwanza umri wa deni la muuza maziwa ukawa jambo la serikali. Kumbukeni pia kwamba Nakumatt haikuwa soko la hisa, ilikuwa mali ya familia, kwa hiyo hesabu zake hazikuwekwa hadharani huku ikiwa imeshika mabilioni ya watu. Mimi nasema kampuni inayoishi kwa mali kauli ya mamia ya watu itangaze siku zake za malipo, iwe sokoni isiwe sokoni. Ukiona aibu kutangaza, lipa taslimu.

Kwa zile zilizopo sokoni hatuna kisingizio. Viwango vya kimataifa vya uhasibu vinazitaka zieleze kwenye maelezo ya hesabu madeni yao yanaiva lini: miezi mitatu, mwaka, miaka mitano. Ukurasa huo upo nyuma kabisa, baada ya picha za wakurugenzi na watoto waliopewa madawati, chini ya kichwa kinachosema hatari ya ukwasi. Usomeni huo kwanza. Kisha someni taarifa ya mtiririko wa fedha, muone kama biashara yenyewe inaingiza hela au inaishi kwa kukopa na kuuza viwanja. Kisha aya ya mkaguzi kuhusu uwezo wa kampuni kuendelea na biashara. Mkimaliza hapo, kama bado mna nafasi, andikeni faida.

Msimu ujao wa hesabu ukifika nitaweka hapa jedwali langu mwenyewe: kila kampuni iliyotangaza, uwiano wake wa miaka mitatu, ule wa pili usio na bidhaa za stoo, na siku za kumlipa aliyeiuzia. Nitaanza na zile ambazo magazeti yamezipamba zaidi. Mwenye vitabu vya mwaka vya kampuni yoyote, hata vya zamani, anitumie, nitavirudisha salama. Na yule mhariri wa kalamu nyekundu najua unasoma hapa. Karibu uhakiki mahesabu.